Fundi wa Kusikiliza Freni

Fundi yetu hakukuwa anaanza kazi na funguo zake za nati. Alikuwa anaanza na kiti. Jipu inafika, shofere anashuka na makelele yake, "Fundi, freni inalia, inanipatisha haya mbele ya watu," na yeye hamujibu. Anabeba kiti yake kidogo ya mbao, anaiweka kando ya njia, anavua kofia, anakaa. Kiisha anamuambia shofere neno moja tu: "Pita."

Mimi nilikuwa namuona kila siku, juu ya vile meza yangu ya chai ilikuwa ngambo ya ile njia, kule Katindo, tunaangaliana uso kwa uso. Alizaliwa wapi, baba yake nani, hizo sizijue na sikuuliza. Nilijua tu kama anapenda chai ya tangawizi na sukari mingi, na kama sikio yake ndiyo ilikuwa mashini yake ya kazi. Na nikuambie na hii mapema, usiseme nilikuficha: wakati sikio ile ilianza kumuacha, mutu wa kwanza kujua ni mimi. Na nilinyamaza.

Lakini acha kwanza nikuelezee ile njia, juu bila njia hautamuelewa. Sisi watu wa Goma tunajenga na ile jiwe volkano ilitutupia. Basi njia yetu ilikuwa nyembamba, ukuta nyeusi kuume, ukuta nyeusi kushoto, unapita katikati kama maji mu mufereji. Mafundi wengine walikuwa wanamucheka. "Garaji gani hii, jipu mbili haziwezi kupishana?" Yeye anasema, "Ku barabara kubwa sauti inakimbia na upepo. Hapa inagonga jiwe, inanirudilia."

Shofere anafungua vioo yote, anapita polepole, mutu mwingine hayuko ndani. Anakanyaga freni kidogo, anaachilia, anakanyaga tena. Fundi amefunga macho. Jipu inafika ku mwisho, inageuka, inarudi, ili mapine ya ule upande mwingine nayo ipite karibu na kiti yake. Mara mbili, mara tatu. Kiisha anainua kidole: "Mbele, kuume." Hajagusa kitu hata kimoja. Anaweka kriki, anainua jipu, anatoa pine, na ugonjwa iko palepale amesema.

Saa ya kusikiliza, njia yote ilikuwa inanyamaza kama watu wako mu misa, padri ameinua hostia. Mimi naacha kutwanga tangawizi. Yule wa kusudeya, wa kuunganisha milango ya chuma na moto, anazima mashini yake. Wauza makala ya kupikia wanasimama na mifuko ku kichwa. Siku moja kulikuwa koro, waimbaji wa chumba ya maombi ya jirani, wanajifunza nyimbo na ngoma kubwa, na jipu iko inangojea. Fundi akaenda ku mulango, kofia mu mukono, na heshima yote.

"Wandugu, muimbe polepole kidogo. Mungu atawasikia vilevile. Ni mimi sitasikia."

Kiongozi wa koro akamujibu, "Fundi, sisi tunaita malaika, wewe unasikiliza shetani ya mu pine."

"Basi muniachie dakika tano, nimufukuze."

Walicheka mpaka ngoma ikaanguka.

Na ushangae: mutu huyo mwenye kutaka kimya, siku ya Mungu mu kanisa yetu ya katolika ni yeye alikuwa anaimba kupita wote, na anaimba vibaya. Anaingia mbele ya kinanda, anamaliza kiisha watu wote. Sikio ya kusikia changarawe kama punje ya mchele, haikukuwa inasikia mwenyewe namna anatupotezea wimbo. Bibi yake, Mungu amurehemu, alikuwa anamufinya mu mbavu. Haikusaidia.

Chai nayo alikuwa na desturi yake. Kikombe ya kwanza anakunywa amesimama, haraka, kama mutu wanamungojea ku bandari. Ya pili anakaa. Ni ku ile ya pili ndiyo unaweza kumuuliza kitu. Ni pale nilijifunza kazi yake, mimi mwenye masomo yangu iliishia mwaka wa pili wa msingi. Nilijifunza namna mutu anajifunza tabia ya majirani, kwa kukaa tu.

Kuko kilio ya asubuhi, nyembamba, kama ya kifaranga. Inatokea kama ukungu ya ziwa imelalia chuma, na kiisha kukanyaga mara mbili tatu inaisha. "Hiyo haiko ugonjwa," anasema. "Ni usingizi." Anamurudisha shofere bila kumugusia hata nati moja. Kuko ile ya kukwaruza yenye haiachi, ukanyage freni ao usikanyage. Hiyo ni kijiwe ya volkano imeingia nyuma ya diski, unaitoa na kipande ya chuma, unaenda. Kuko ile ya filimbi, saa jipu inataka kusimama tu: plakete, kile kipande chenye kubana diski, imepata moto mu mitelemuko mpaka imekuwa laini kama kioo. Anaitoa, anaisugulia ku karatasi ya mchanga, anapangusa vumbi, anapakaa grisi kidogo ku mugongo ya plakete na ku misumari yake. Ku mugongo, hapana ku uso. Na kuko ile ya kisu ku sahani ya chuma. Hiyo ukiisikia, plakete imekwisha, ni chuma juu ya chuma. Pale Fundi alikuwa anasimama hata mbele jipu haijafika ku mwisho wa njia, anainua mikono miwili, na shofere anajua leo haende popote.

Alikuwa anasema, "Ile inalia iko inakuomba kitu. Ile ilikuwa inalia na imenyamaza bila kutengenezwa, shuka." Siku moja ilionekana. Kulikuwa shofere mumoja wa kubeba ndizi, freni yake ilikuwa inamuletea haya ku soko, wanawake wanamufuata na kuiga ile sauti. Badala ya kuja kwetu, akachukua mafuta ya ngazi, ile mawese nyekundu ya kupikia majani ya sombe, akamimina mu mapine ine. Kweli, kilio ikakwisha. Akapita mu njia yetu anatutolea mukono mu dirisha kama mubunge. Ku mutelemuko wa kwanza akakanyaga freni, jipu ikaendelea na safari yake. Ilisimama mu duka ya unga. Mutu hakuumia, lakini yeye na jipu na muuza duka wote watatu walitoka weupe kama masista. Fundi alisafisha ile mafuta siku mbili. Kila saa ananusa plakete, anatikisa kichwa, ananiita ngambo ya njia: "Mama Chai, letea huyu sombe, mafuta iko tayari."

Usifikiri mimi mwenyewe nilikuwa safi. Mara moja muteja wangu aliweka mandazi juu ya plakete mpya, juu aliiona imelala ku kitambaa safi akafikiri ni sahani. Jipu ikafungwa, ikatoka, ikalia. Fundi akaitoa tena, akaileta ku pua. Akavuka njia na plakete mu mukono, akaiweka mbele yangu. "Hii ni mafuta yako. Ninaijua." Tangu siku ile alikuwa ananawa mikono na sabuni mbele ya kugusa plakete, kama munganga, na mwenye kukula mandazi alimuwekea mustari ya makala chini. Hapa chakula, hapa freni. Hata abbé, padri wetu, alisimama nyuma ya ule mustari na kikombe yake.

Watu wakubwa hawakumutisha. Kuko mumoja alikuja na jipu ya vioo nyeusi, kat-kat ya kweli, mapine ine yote inavuta, na walinzi, anataka kupanda Rutshuru saa ileile. Fundi akasikiliza, akainua mikono miwili.

"Papa, hapana leo."

"Unajua uko unazungumuza na nani?"

"Sijue, papa. Na ule mutelemuko nao haujue."

Akaweka funguo ya jipu chini ya kofia, kofia ku kichwa, akaanza kufungua pine. Mukubwa akakunywa chai yangu vikombe vine anangojea. Mwishoni alikuwa ananielezea magonjwa ya mama yake.

Sasa unaona mutu namna gani alikuwa. Na unaona vile itakuwa vigumu kusema ile ingine.

Ilianza na chai. Naita, "Fundi, chai," hajibu. Nafikiri ni kiburi. Naita mara ya pili, mara ya tatu, anageuka juu ameona watu wananiangalia. Kiisha nikaona saa ya kusikiliza hafunge tena macho. Anafungua, na anaangalia mimi. Jipu inapita, inalia, mimi mwili inanishituka, juu sikio yangu ilishazoea kujua, na yeye anaangalia namna ninashituka, upande gani, saa gani. Kiisha anainua kidole.

Hatukusema neno. Nikuambie kweli, hatukusema hata siku moja. Lakini asubuhi moja niliona anahangaika, kidole inapanda inashuka, shofere anangojea, na nikachukua birika nikaiweka ku pembe ya meza. Pembe ya mbele, kuume. Akaiona. Kidole ikasimama. "Mbele, kuume." Pine ikatoka, ugonjwa ilikuwa pale.

Tangu pale birika yangu ilikuwa inatembea. Birika mbele, ni mapine ya mbele. Birika nyuma, ni ya nyuma. Birika katikati, imenyamaza, jipu iende. Wateja walikuwa wananiuliza, "Mama, juu ya nini birika haikae?" Nawaambia meza imepinda. Na nilikuwa na furaha, sitafute kudanganya. Mimi mwanamuke wa chai, jipu za watu wakubwa zilikuwa zinatoka mu njia yetu juu ya birika yangu. Nilifikiri ninamusaidia. Bibi yake alikuwa ameshakufa, watoto wako mbali, kama wanasema Fundi ni kiziwi, nani atamuletea jipu?

Kiisha dada yangu akafariki Bukavu. Nikapanda mashua, nikakaa ku matanga wiki mbili. Sikufikiri hata kidogo juu ya freni.

Nilirudi siku ya soko. Asubuhi ileile, mbele ya kupanga meza, nikaenda kununua makala. Narudi na mufuko ku kichwa, naona jipu iko inatoka mu njia, nyuma imejaa wanawake wa maharagwe na mafurushi yao, wanapanda Rutshuru. Fundi amesimama, amemupungia shofere mukono: enda. Na jipu inapita ku ukuta, shofere anagusa freni, nasikia kisu ku sahani.

Sikufikiri. Nilijikuta nimesimama katikati ya njia na mufuko yangu.

"Koko, toka mu njia," shofere anasema, namna wanaita mama ameanza kuzeeka.

"Freni yako inalia."

"Nilisikia kidogo, nikauliza. Fundi amesema ni ukungu. Amesema imepona."

"Ukungu ya saa ine hii? Na jua hii?"

Wanawake wakaanza. "Koko, acha twende, soko itakwisha." "Koko, kama unataka kubebwa, sema tu, panda."

Fundi alikuwa amekuja karibu. Alikuwa anaangalia midomo yangu, moja kwa moja, kama mutoto anaangalia mwalimu ku ubao. Nikamuona ile uso. Na nikasema, mbele ya watu wote, kwa nguvu ili shofere asikie:

"Hasikie. Fundi hasikie tena. Ni wakati murefu."

Njia ikanyamaza. Mutu hakuomba inyamaze.

Wakatoa pine. Plakete ilikuwa imekwisha, chuma tupu, diski imechimbika kama shamba. Wanawake wakashuka mumoja mumoja, yule wa "panda" akanishika mukono. Fundi akatengeneza ile jipu mpaka mwisho, vizuri, na mikono yake safi. Akamurudishia shofere funguo. Kiisha akabeba kiti yake, akaenda. Kesho hakukuja. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Mu garaji wakaweka muuza saruji.

Miaka ilienda hivyo. Mimi nikazeeka, meza nikaachia binti yangu, nikabaki nyumbani na wajukuu na magoti ya kuuma. Kila mara jipu inalia mu barabara nilikuwa najisemea: wewe ndiye ulimutoa mutu mu kazi yake. Ungeweza kumuita kando. Ungeweza kumunong'onezea shofere. Ulisema mbele ya wanawake wa maharagwe.

Basi, msimu wa jua wa juzi, mutu anagonga mulango na fimbo. Nafungua, ni yeye. Mwembamba, safi, shati imepigwa pasi. Anazungumuza kwa nguvu sana, kama mutu mwenye hajisikie.

"Mama Chai, niangalie usoni ukisema. Ninasoma midomo sasa."

Nikamukalisha. Nikaanza palepale. "Fundi, unisamehe juu ya ile siku."

"Siku gani?"

"Ya wanawake wa maharagwe."

"Ile siku ulifanya vizuri. Wanawake wale wako wazima. Mimi sikuja juu ya ile." Akaweka fimbo chini. "Nimekuja juu ya birika."

Nikamusogezea kikombe ya chai.

"Ulifikiri sikujua kama unajua? Na mimi nilifikiri nimekuficha. Wazee wawili, tunadanganya watu na birika ya chai."

"Nilikuwa nakusaidia, Fundi."

"Ulinisaidia vibaya. Na mimi nilipokea. Ungeniambia mapema, ningekasirika mwezi moja, kiisha ningetafuta mutu wa kusikiliza, mbele ya macho ya wote, na kazi ingeendelea. Basi. Ile nimeshaimeza." Akanisogelea. "Ulienda Bukavu, wiki mbili. Birika haikukuwa. Unajua nilifanya nini? Nilikaa ku kiti. Nilivua kofia. Niliinua kidole vilevile. Nilikuwa nabahatisha."

"Jipu ngapi?"

"Tatu, mbele ya ile uliisimamisha. Moja ni ya parokia. Nilienda, wakaniambia fundi mwingine aliitengeneza mwezi uleule. Moja ni ya mwalimu mukubwa wa shule, nilienda, aliiuza, mwenye kununua alibadilisha freni yote. Ya tatu ni ya kijani, ya mulimaji wa viazi, kule karibu na Rumangabo. Hiyo sijaenda." Mikono yake ilikuwa inatafuta kofia ku magoti. "Sijue kama aliangusha mutu. Ninalala na ile, ninaamuka na ile. Miaka yote."

"Ulikuwa unangojea nini?"

"Nilikuwa na haya. Na kitu ingine. Nikifika, nitaitengeneza. Mikono iko. Lakini nani ataniambia kama imenyamaza?"

Binti yangu akasema tuko wagonjwa ku kichwa. Barabara ile siku hizi unaulizia kwanza habari ya vita mbele ya kuweka muguu. Tukaulizia. Siku ya tatu wakasema iko shwari, tukapanda taksi-bus, mimi na magoti yangu, yeye na mufuko wa funguo na plakete mpya zimefungwa mu kitambaa safi. Alikuwa anaangalia kando ya barabara, ku kila kona, kama mutu anatafuta kaburi.

Tulishuka, tukauliza jipu ya kijani, watu wakacheka, wakatuonyesha njia ya shamba. Mulimaji tukamukuta anapima viazi mu mifuko. Mutu munene, wa kicheko. Akamuangalia Fundi, akamuangalia tena.

"Muzee, si wewe wa kiti?"

Fundi hakungojea salamu. "Jipu yako. Kiisha kutoka kwangu, ilifanya nini?"

"Ililia."

"Kiisha?"

"Ililia mpaka hapa nyumbani."

"Uliangusha mutu?"

Mulimaji akaona ile uso, akaacha kucheka. Akasema polepole, na midomo kubwa, ametambua haraka kama huyu ni kiziwi. "Hapana, muzee. Bibi yangu alikataa. Alisema, mimi siingie tena mu ile kitu, inalia kama nguruwe wanaichinja. Nikamuambia Fundi amesema imepona. Akasema, basi aje Fundi aipande yeye. Tangu pale inabeba viazi mu shamba tu, hapa mu tambarare, polepole. Kwenda Goma nalipia gari ya watu. Haikugusa hata kuku."

Fundi akakaa chini. Hapana ku kiti, ku udongo, na shati yake ya pasi. Bibi ya mulimaji akatoka mu nyumba, akaniuliza, "Muzee anaumwa?" Nikamuambia, "Hapana, mama. Anapumuzika."

Kiisha akaomba maji na sabuni.

Jipu ilikuwa nyuma ya nyumba, kuku moja imelala ku kiti ya nyuma juu ya mayai, hawakutaka kuifukuza, nasi tukaiacha. Fundi akaweka kriki juu ya ubao, akatoa mapine ya mbele. Ilikuwa namna ileile, chuma juu ya chuma. Akamuonyesha mulimaji: "Hii nilikuambia imepona." Mulimaji akasema, "Ulichelewa kidogo tu kurudi, muzee." Akaweka plakete mpya, akasugulia diski, akapakaa grisi ku mugongo. Alifanya kazi saa tatu na hakuuliza mutu kitu. Mikono yake haikukuwa ya muzee.

Sasa ikabaki kusikiliza. Na kule hakuna ukuta. Ni shamba na migomba, sauti inaenda haikurudilie. Basi ilibidi mimi nitembee. Mulimaji ku usukani, mimi kando, nimeinua kitenge mu mukono moja, sikio karibu na pine, tunakata shamba ya viazi, magoti yanapiga kelele kupita jipu. Bibi ya mulimaji alicheka mpaka akashika mulango. Fundi alikuwa amesimama ku mwisho wa shamba, macho wazi, ananiangalia.

Mbele, kushoto: kimya. Mbele, kuume: kimya. Mulimaji anasema mu dirisha, "Imepona, koko. Wiki ijayo nabeba bibi na viazi mpaka Goma." Tukageuka ili nisikilize na mapine ya nyuma. Anakanyaga, anaachilia. Na kwa nyuma, kuume, nikasikia ka sauti kadogo. Kadogo sana, ya vumbi ya miaka mu tamburi, ile ngoma ya freni ya nyuma, kama mutu anakohoa mu nyumba ya pili.

Jua ilikuwa inashuka. Ku barabara taksi-bus ya mwisho ya Goma ilikuwa inapiga honi, mara mbili, inatuita. Mulimaji alikuwa ameshazima moteri, amepiga makofi. "Koko, sema imepona, muende, mutalala njiani."

Fundi hakuuliza. Alikuwa ananingojea tu.

Nikamukaribia mpaka mbele ya uso wake, ili asome vizuri, na nikasema kwa nguvu, watu wote wasikie:

"Bado. Nyuma, kuume."

Akacheka, meno yote inje, kitu sijapata kuona miaka yote ya chai. "Aksanti, mama," akasema. Akachukua kriki, akapiga magoti nyuma ya jipu. Taksi-bus ikaenda zake. Bibi ya mulimaji akaingia kuongeza viazi mu nyungu, na mimi nikatafuta mahali pa kukaa, karibu na pine, pale nitasikia vizuri.